Siku moja maishani mwangu: fundi umeme na trekta lisilochaji

Saa 11 na nusu alfajiri simu inaita. Ni mzee mmoja wa Magugu, ana trekta, Massey Ferguson 135, aliloachiwa na baba yake.

"Fundi, betri imekufa tena. Njoo na betri nyingine."

"Shikamoo mzee. Nitakuja na mita kwanza, tupime."

"Marahaba. Pima, lakini betri uje nayo."

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Babati. Wengi wanatuita mafundi waya, wakidhani kazi yetu ni kutafuta waya uliokatika, kuusokota na kuuzungushia tepu nyeusi. Naandika siku hii muone saa zetu zinaishia wapi.

Saa 1 nafungua gereji. Hadi saa 3 nimeshamaliza taa za breki za Noah moja na kubadilisha kaboni za stata ya Fuso. Hizo mikono inazijua, hazina hadithi.

Saa 3 na nusu niko kwenye bodaboda, begi mgongoni: mita, taa ya kupimia, msasa, spana, vipande vya waya. Betri ya akiba nimeipakata mapajani. Mvua za kwanza zimeshanyesha, na msimu huu matrekta ya kukodi yanalima mchana na usiku. Injini ya dizeli ya zamani kama ile ikishawaka haihitaji betri, kwa hiyo dereva wa mzee amekuwa akiliegesha trekta kwenye mteremko, asubuhi anaachia breki, linateremka mpaka linawaka. Mchana anapata kazi. Giza likiingia hana taa, na ekari za usiku zinakwenda kwa jirani.

Nafika saa 4 na nusu. Trekta limependeza, nalisifia kwa moyo wote: jekundu, safi, limepakwa rangi mwaka jana na bado linang'aa. Aina hii ilianza kutoka kiwandani Coventry, Uingereza, mwaka 1964. Mimi nilikuwa bado sijazaliwa.

Napima betri: volti 11.4. Ni ya tatu ndani ya mwaka mmoja. Namuuliza mzee zile mbili ziko wapi, anasema aliwauzia watu wa vyuma chakavu. Hilo liliniuma. Betri haitengenezi umeme, inautunza tu. Naamini zile mbili zilikuwa nzima, zikafa kwa njaa.

Hapa mzee anavuta kigoda, anakaa mita mbili kutoka nilipo. Atakaa hapo mpaka jioni.

Mengi ya matrekta haya ya zamani hayakuja na alteneta, mashine ya kuchaji ya magari ya siku hizi. Yana dainamo, pipa refu la chuma linalotengeneza umeme wa kuchaji betri, lenye ncha mbili, D na F. Fundi aliyekuja kabla yangu alibadilisha regulata, kiboksi kinachodhibiti umeme wa dainamo, ilipokataa akasema dainamo litolewe, ifungwe alteneta. Simlaumu sana, vijana wengi hawajawahi kulifungua. Mimi nilifundishwa na mzee aliyekuwa hakuruhusu ushike spana kabla hujamwambia mita imesema nini.

Basi natoa waya zote mbili kwenye dainamo, naunganisha D na F kwa kipande cha waya, ncha moja ya mita naiweka hapo, nyingine kwenye bodi, yaani chuma cha trekta lenyewe. Tunawasha kwa betri yangu. Namwambia dereva avute mafuta taratibu. Mita ikigoma kwenye sifuri, naangalia kaboni. Ikiishia volti moja hivi, koili za fidi, zile zinazotengeneza sumaku, zina matatizo. Ikiishia nne au tano, ni amacha, kile kinachozunguka ndani. Inapanda: 5, 10, 15, 20. "Zima!" namwambia dereva. Dainamo halina kosa kabisa.

"Fundi," mzee anasema, "tangu umefika hujafungua hata kitu kimoja cha maana."

Namwambia nimeshajua dainamo halina kosa, asinunue alteneta. Anatikisa kichwa. Kwake nimeshinda nimeinama na kidude chenye namba. Nusu saa baadaye ananiuliza kama betri niliyokuja nayo ninaiuza. Robo saa tena, ananiambia kuna fundi Mbulu ambaye husikiliza tu injini na kujua. Jua liko utosini, chuma kinaunguza, na mzee kila ninapoinua kichwa anauliza, "Tayari?" Namheshimu, ni sawa na baba yangu, lakini kuna saa nilitamani aende akalale.

Mama analeta wali na mboga ya majani. Tunakula kimya.

Aliyefungua fumbo ni dereva, akiwa ananawa mikono. "Fundi, ile taa ya chaji ina tabia. Kwenye silensa, injini ikinguruma taratibu, inawaka. Nikivuta mafuta inazima. Nikiongeza inawaka tena, kali kuliko mwanzo."

Niliacha kula. Taa ile upande mmoja iko kwa betri, upande wa pili kwa dainamo. Pande mbili zikilingana, inazima. Ikiwaka tena kwa ukali, dainamo limeipita betri mbali, halina wa kulishika, na umeme wake hauifikii betri. Wa kulishika ni regulata, na ndani ya kiboksi hichohicho ndimo mlango wa kwenda kwenye betri unamofungukia. Lakini regulata iliyopo ni mpya, na ya zamani ilifanya vilevile. Viboksi viwili haviwezi kuugua ugonjwa mmoja namna ile. Kosa liko nje yake.

"Mzee, betri ya kwanza ilianza kusumbua lini?"

"Baada ya kulipaka rangi."

Regulata ina ncha ya E, ethi yake, waya unaokwenda kwenye bodi. Bila huo, koili za ndani hazipati nguvu, mlango haufunguki. Namwambia dereva awashe, naweka mita kati ya E na ncha ya betri inayokwenda kwenye bodi. Ilipaswa kusoma sifuri. Ikasoma 16, na ikapanda kila alipovuta mafuta.

Bolti ya ule waya iko nyuma ya dashibodi, mahali ambapo mkono mmoja tu unaingia na macho hayafiki. Sijui ilinichukua muda gani. Ilikuwa na kutu, spana ikateleza mara tatu, ya tatu ikanichuna vidole viwili. Ilipotoka, nikaona: kichwa cha waya kilikuwa kimefungwa juu ya rangi nyekundu, nene, laini kama kucha iliyopakwa. Mpakaji rangi alifungua kila kitu, akapaka vizuri kila mahali, akarudisha. Nikakwangua mpaka chuma kikang'aa, nikasafisha bolti, nikapaka gris kidogo, nikafunga kwa nguvu zote zilizobaki.

Tukarudisha betri yake, tukawasha. Taa ya chaji ikazima. Dereva akaongeza mafuta, haikurudi. Mita: 12.6, 13.2, na baada ya muda 14.1, ikatulia hapo.

Mzee akasimama kwa mara ya kwanza. Akaangalia mita, akaangalia ule msasa mkononi mwangu.

"Elfu hamsini kwa kukwangua rangi?"

"Mzee, betri moja unanunua kwa shilingi ngapi?"

Hakujibu. Tulivutana bado, mgongo wangu ukiomba nikae chini, tukafungia elfu thelathini na kilo tano za mchele wa Magugu. Betri ya akiba nikarudi nayo mapajani.

Nyumbani nilifika usiku. Mke wangu aliloweka vile vidole kwenye maji ya chumvi, mimi nikaandika kwenye daftari kwa mkono wa kushoto: Massey 135, Magugu. Chaji hakuna. Taa inazima, inarudi kuwaka. Dainamo zima. Ethi ya regulata, chini ya rangi.