Sentensi ya Kwanza ya Barua ya Wito

Somo la wiki hii: Matendo ya Mitume 13:1–4

Ndugu na dada wapendwa,

Kijana anayengoja wito wa misheni siku hizi hana haja ya kwenda posta kila asubuhi. Ujumbe unaingia kwenye simu na kwenye barua pepe kwamba wito wake uko tayari. Anafungua ukurasa wake wa umisionari, anaandika nywila, na barua hiyo hapo. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho lilianza kutoa wito kwa njia ya mtandao Novemba 2018. Kabla ya hapo ilikuwa bahasha kubwa nyeupe kutoka Salt Lake City, makao makuu ya Kanisa katika jimbo la Utah, Marekani, nene, imejaa maelekezo ya mavazi na makaratasi ya safari, na juu yake barua yenye sahihi ya Rais wa Kanisa.

Wapo wanaoikumbuka bahasha ile kwa huzuni, na siwalaumu. Ilikuwa kitu cha kushika. Ingeweza kukaa mezani tangu mchana mpaka baba arudi kutoka kazini, mdogo mtu akiinyanyua kwenye taa kuona kama herufi zitapenya karatasi, shangazi akikisia nchi moja na bibi akikataa katakata. Lakini tuwe wakweli: raha ile waliifaidi zaidi wale waliokuwa karibu na Utah, au wenye posta ya kuaminika. Kwingineko bahasha ilichukua wiki nyingi njiani. Barua ikichelewa, maombi ya viza nayo yanachelewa, na kijana aliyekwisha kuaga shule na kazi anabaki nyumbani akiulizwa kila Jumapili, “Bado tu?” Leo aliye kisiwani katikati ya Pasifiki anasoma wito wake bila kungoja meli wala ndege ya mizigo. Kwangu mimi hilo peke yake linatosha kumaliza manung’uniko.

Ila kuna jambo ambalo bahasha ilituzoesha vibaya, na mtandao haujatuponya.

Sikilizeni familia inapokusanyika kusoma wito. Barua huanza kwa kumwambia kijana kwamba ameitwa kutumika kama mmisionari wa Kanisa. Halafu inakuja sentensi ya pili: amepangiwa kufanya kazi katika misheni fulani. Macho ya wote yanairuka ya kwanza. Msomaji mwenyewe anaipita mbio, sauti ikipanda, mpaka afike kwenye jina la mahali, na hapo ndipo nyumba inalipuka kwa vifijo. Au inanyamaza kidogo, halafu mtu anasema kwa upole, “Nako ni kuzuri.” Sijapata kusikia mtu akipigia kelele sentensi ya kwanza.

Sasa tufungue Matendo 13. Kanisa la Antiokia linafunga na kumwabudu Bwana. Roho Mtakatifu anasema, “Nitengeeni Barnaba na Sauli kwa kazi ile niliyowaitia.” Someni tena mtafute jina la mji. Hamtalipata. Wanafunga tena, wanaomba, wanawekewa mikono, wanaachwa waende zao, na ni katika mstari wa nne ndipo tunaambiwa waliteremkia Seleukia, wakasafiri kwa bahari mpaka Kipro. Kazi ilitajwa mbele ya kanisa zima. Njia ilikuja baadaye.

Na Kipro ni wapi? Rudini Matendo 4:36. Barnaba alikuwa Mlawi, asili yake mtu wa Kipro. Yaani yule aliyetengwa kwa sauti ya Roho mwenyewe, katika safari ile kuu ya kwanza, kituo chake cha kwanza kilikuwa kwao. Nafikiri juu ya vijana wetu wanaofungua wito na kukuta wamepangiwa nchi yao wenyewe, na wale wanaoitwa kwenye misheni ya huduma, wanaotumika huku wakilala nyumbani kwa wazazi wao. Wengine hujibu kwa sauti ya chini wakiulizwa wanatumikia wapi, kama watu waliopata namba ya pili. Barnaba angewashangaa.

Historia ya Kanisa letu nayo inasema hivyo hivyo. Katika miongo ya mwanzo hapakuwa na bahasha kabisa. Mtu aliweza kukaa kwenye mkutano mkuu na kusikia jina lake likisomwa mimbarani bila kuambiwa lolote kabla. Agosti 1852, katika mkutano maalumu Salt Lake City, wanaume zaidi ya 100 waliitwa kwa namna hiyo kwenda nchi za mbali: Uhindi, Uchina, Australia, Afrika Kusini. Wanne walipangiwa Siam, ndiyo Thailand ya leo. Kati yao ni Elam Luddington peke yake aliyefika Bangkok, mwaka 1854. Wenzake watatu njia iliwafungia, wakahubiri Burma (Myanmar ya leo), Uhindi na Ceylon (Sri Lanka ya leo). Je, wale watatu hawakuitwa? Waliitwa, wakafanya kazi. Kilichobadilika ni sentensi ya pili.

Tuliyaona haya kwa macho yetu mwaka 2020, wamisionari wengi waliporudishwa makwao kwa sababu ya korona, wakangoja, kisha wakapangiwa pengine. Waliokuwa wameshajifunza lugha ya nchi moja wakajikuta katika nyingine. Kwa aliyeuweka moyo wake wote kwenye jina la mahali, ule ulikuwa msiba wa kweli. Katika Mafundisho na Maagano, kitabu cha maandiko ya Kanisa letu, sehemu ya 80, Stephen Burnett aliambiwa mwaka 1832 aende kuhubiri, iwe kaskazini au kusini, mashariki au magharibi, haidhuru, kwa kuwa hawezi kukosea.

Hapo mtu ataniuliza: kama mahali hapana uzito hivyo, kwa nini Mtume anaomba kwa kila jina? Swali ni la haki. Tunaamini kila kijana anapangiwa na mmoja wa Mitume Kumi na Wawili wanaoliongoza Kanisa letu leo, kwa sala, picha ya kijana ikiwa mbele yake pamoja na maelezo ya askofu, kiongozi wa kata yake, na ya rais wa kigingi, kiongozi wa kata kadhaa za eneo lake. (Picha hizo zilikuwa zinaonekana kwenye skrini ya kompyuta miaka kadhaa kabla bahasha haijaondolewa, kwa hiyo anayedhani ufunuo na kompyuta vilikutana jana amechelewa.) Bwana anaweza kuwa na mtu wake mahali fulani anayemngoja kijana huyo na si mwingine. Nalikubali hilo kwa moyo wote. Lakini anayempangia mahali ndiye anayeweza kumhamisha, na akihamishwa hahitaji kuitwa upya.

Kuhusu kungoja nina neno moja tu. Posta ilitupa siku za kungoja tusizoziomba, na baadhi yetu tulizitumia kufunga. Sasa kati ya kutuma maombi na kupokea ujumbe bado kuna siku, ila simu inatufanya tuzimalize kwa kufungua ukurasa ule mara kwa mara kuona kama kuna jipya. Antiokia walifunga kabla ya kuambiwa, na wakafunga tena baada ya kuambiwa.

Kamera inayorekodi familia ikisoma wito sina ugomvi nayo. Ndugu walio mbali waone, wafurahi. Ila kama unangoja wito wiki hii, ningekushauri ukae na barua peke yako kidogo, hata kama umeshaisoma mbele ya watu. Isome sentensi ya kwanza mpaka ikuingie.

Kisha ujibu, maana barua inadai jibu la kukubali, na hilo ndilo tunalolisahau kwenye shangwe. Mwishoni mwa karne ya 19 wito ulitoka ofisi ya Rais wa Kanisa, sanduku la posta lenye herufi B, Salt Lake City, na waliopokea waliandika majibu kwa mkono, askofu akatia sahihi chini yake. Wengi wao walieleza hali zao bila kuficha: madeni, mke mjamzito, mifugo isiyouzwa bado. Wengine waliomba miezi michache ya kuweka mambo sawa. Hata leo, wakati jibu linatumwa kwa kubonyeza, hakuna anayekukataza kuchukua kalamu kwanza na kumwandikia Bwana karatasi moja: ninachoacha, ninachoogopa, na kwamba naja.