Nilivyoingia Nyuma ya Kaunta Bila Uzoefu

Nilipoanza kutafuta kazi ya kuhudumia vinywaji kwenye baa, karibu kila tangazo nililosoma lilidai uzoefu, na hakuna lililoeleza asiye nao aupate wapi. Nikaacha kabisa kuomba nafasi ya kuchanganya vinywaji, nikaomba ya msaidizi wa kaunta, yaani yule anayejaza barafu, anayeosha glasi, anayebeba kreti kutoka stoo na kukata ndimu kabla wateja hawajafika. Nilikwenda mwenyewe, mchana, wakati baa imetulia na meneja ana nafasi ya kusikiliza, nikamweleza waziwazi kwamba sijui kuchanganya hata kinywaji kimoja, ila nipo tayari kwa zamu za usiku na za mwisho wa wiki. Nadhani hizo zamu ndizo zilizonipa kazi.

Usaidizi wa kaunta hudharauliwa, kwa maoni yangu bila haki. Hapo nilijifunza kwamba barafu huchotwa kwa koleo lake, kamwe si kwa glasi, kwa sababu kipande cha glasi kikimegeka ndani ya barafu hakionekani, na hapo sanduku zima humwagwa, huoshwa na kujazwa upya hata kama wateja wamejipanga hadi mlangoni. Nilijifunza pia kuinamisha glasi ya bia kiasi cha nyuzi 45 chini ya bomba na kuinyoosha inapokaribia kujaa ili povu lipande kidogo, na kukumbuka kila chupa ilipo, maana usiku wa watu wengi hakuna muda wa kusoma lebo.

Nyumbani nilifanya mazoezi kwa maji. Nilijaza chupa tupu, nikawa namimina kwenye kipimo cha mililita 30, kisha cha 60, mpaka mkono ukazoea kukomea ukingoni. Wapo wanaomimina kwa kuhesabu kimoyomoyo, na inapendeza kutazama, lakini kwa anayeanza napendelea kipimo: ladha haibadilikibadiliki, na hesabu ya stoo haileti maneno wakati wa kufunga.

Kuhusu kokteli, yaani vileo vya kuchanganywa, niliona kukariri orodha ndefu ni kujichosha bure. Nilianza na daikiri, ambayo naitengeneza kwa mililita 60 za ramu nyeupe, 30 za maji ya ndimu na 20 za shira, na humo nikaona mpangilio wa vinywaji vingi: kileo, uchachu na utamu vikipimana. Weka tekila mahali pa ramu na likeri ya machungwa, yaani kileo kitamu chenye ladha ya machungwa, mahali pa shira, umeikaribia margarita. Vyenye maji ya matunda hutikiswa kwa nguvu kwa sekunde 10 hadi 15, mpaka kopo la kutikisia lifanye ukungu kwa nje na vidole viume kwa baridi. Negroni, ambayo ni jini, vemuthi nyekundu (mvinyo uliotiwa viungo) na Campari (kileo chekundu kichungu) kwa vipimo sawa, haina maji ya ndimu, kwa hiyo hukorogwa taratibu. Ukiitikisa, hewa na chembe za barafu huifanya ipoteze wangavu wake. Mnanaa wa mojito, kokteli ya ramu na ndimu, nao hubonyezwa tu, kwani ukisagwa hutoa uchungu.

Niliomba niachiwe kaunta saa za mapema, wateja wakiwa wachache, na meneja akakubali. Baadaye nilipoomba kazi mahali pengine, niliuandika usaidizi huo kwenye wasifu wangu bila kuupamba. Katika usaili nilitakiwa kutengeneza daikiri, kisha nikaulizwa ningemkataliaje mteja aliyekwisha kulewa. Nilijibu kwamba ningempa maji, ningemwambia kwa sauti ya chini asiaibike mbele ya wenzake, ningewaarifu wahudumu wengine ili asiagize kwao, na ningemuulizia usafiri wa kumfikisha nyumbani. Nilipewa zamu za majaribio.