Siku Mbili Berlin kwa Tiketi ya Mwanafunzi

Kutoka Leipzig hadi Berlin, treni ya mwendo kasi inatumia kama saa moja na robo. Tiketi yangu hairuhusu kupanda hiyo. Ni ile inayokuja na ada ya muhula: unapanda treni za mikoani, tramu, mabasi na treni za chini ya ardhi Ujerumani nzima bila kuongeza senti, ila zile za mwendo kasi unaziangalia tu zikipita. Kwa njia hiyo Berlin ni karibu saa tatu, na unabadilisha treni katikati. Nilipogundua kwamba nauli nimeshailipa tangu Oktoba bila kujua, nikasema wikendi moja lazima niende.

Kosa la kwanza nililifanya kwenye karatasi. Niliorodhesha sehemu kumi na nne. Rafiki ninayekaa naye bweni moja akaisoma, akaniuliza, "Hivi unajua jua linazama saa ngapi?" Mwishoni mwa Novemba huko linazama kama saa kumi jioni, na siku nyingi hulioni hata kabla ya hapo. Nikaanza kufuta. Vya nje vyote niliviweka Jumamosi mchana, cha ndani kinachochelewa kufungwa nikakiweka usiku, na cha kulipia nikajiruhusu kimoja tu.

Hicho cha usiku ni kuba la Bunge, juu ya jengo la Reichstag. Halina kiingilio, lakini huendi tu ukapanga foleni. Unajiandikisha mapema mtandaoni kwa jina na tarehe ya kuzaliwa, unachagua saa, na siku yenyewe unaonyesha pasipoti. Niliomba wiki mbili kabla, nikapata Jumamosi saa moja usiku. Barua ya uthibitisho nikaichapisha maktaba ya chuo, jambo ambalo wakati ule nililiona la kizee.

Ijumaa jioni treni yetu ilichelewa dakika chache tu, lakini nilipoteremka Wittenberg niliziona taa nyekundu za mkia wa treni ya Berlin zikiondoka. Iliyofuata ilikuwa baada ya saa nzima. Wittenberg ndiko Martin Luther alikotoa hoja zake 95 mwaka 1517. Mimi nilikaa kwenye benchi la stesheni nikatafuna mkate niliokuwa nimeufunga kwa ajili ya Jumamosi. Ratiba ikikupa dakika sita za kubadilisha treni, panda ya kabla yake. Hosteli nilifika saa nne usiku, chumba cha watu wanane, nikapewa kitanda cha juu cha dabodeka chenye ngazi inayolia kila ukigusa.

Asubuhi nilianzia Bernauer Strasse, na mwenye nusu siku tu ningemwambia aishie hapo hapo. Ukuta wa Berlin, uliotenganisha Mashariki na Magharibi ya mji, ulioanza kujengwa tarehe 13 Agosti 1961, uliukuta mtaa huu katika hali ya ajabu: nyumba za upande mmoja zilikuwa Berlin Mashariki, lakini njia ya waenda kwa miguu mbele ya milango yake ilikuwa Magharibi. Watu wakaruka kupitia madirishani. Milango ikazibwa kwa matofali, kisha madirisha nayo yakazibwa. Leo sehemu kubwa ya ukuta haipo. Mahali pake zimesimikwa nondo ndefu zenye kutu, zimeachana kiasi cha mtu kupenya. Nilipenya mara tatu nne kama mtoto, kwenda na kurudi. Ng'ambo ya barabara kuna mnara, na ukipanda juu unaona kipande kimoja kilichoachwa kama kilivyokuwa, uwanja mtupu katikati ya kuta mbili, na kibanda cha mlinzi juu ya nguzo yake. Picha nilizopiga pale hazionyeshi chochote cha maana.

Kutoka Lango la Brandenburg nilifanya jambo ambalo sikulipanga. Kwenye lami kuna mistari miwili ya mawe madogo, imelazwa sambamba, inakata barabara na kuendelea chini ya magari yaliyoegeshwa kana kwamba hayapo. Ndipo ukuta ulipopita. Niliifuata hadi Potsdamer Platz, huku nikikuta hapa na pale bamba la chuma lililoandikwa "Berliner Mauer 1961–1989". Halafu nikachepuka Wilhelmstrasse kutafuta palipofanyika Mkutano wa Berlin, ule wa Novemba 1884 hadi Februari 1885. Jumba la Bismarck walimokutania halipo tena. Kuna bango la maelezo kando ya njia, nyuma yake maghorofa ya makazi, na watu wanapita na mifuko ya manunuzi. Nilisoma lote, nikarudia. Checkpoint Charlie, palipokuwa na kituo cha ukaguzi wa kuvuka mpaka enzi za Ukuta, sikukaa. Kibanda kile ni cha kuiga na foleni ya picha ilikuwa ndefu.

Baridi ndiyo iliyoniponza. Simu ilikuwa na chaji asilimia ishirini na kitu nilipokuwa nje, lakini nilipoingia treni ya chini ya ardhi ikazima yenyewe, na tiketi imo humo humo. Kituo kilichofuata wakaingia watu wawili wenye majaketi ya kawaida kabisa. Milango ikafungwa, ndipo wakatoa vitambulisho. Huko hakuna mageti ya kuingilia. Wakaguzi ndio hao, na huwajui mpaka treni ianze kuondoka. Nikamwonyesha mmoja wao kioo cheusi cha simu. Mama yule hakugomba wala hakucheka, aliomba kitambulisho tu. Pasipoti nilikuwa nayo kwa sababu ya Bunge, akaniandikia karatasi. Kukosa tiketi ni faini ya yuro 60. Kwa kuwa yangu ina jina langu, niliporudi nilituma uthibitisho kwamba siku ile nilikuwa nayo, nikalipa yuro 7.

Saa moja kasoro robo nilikuwa ukaguzi wa Bunge na ile barua yangu ya kizee, simu bado imezima. Kuba ni la kioo na chuma, kazi ya msanifu Norman Foster, lilikamilika mwaka 1999. Ndani yake njia mbili zinapanda kwa kuzunguka, moja ya kwenda juu na nyingine ya kushuka, na hazikutani. Unapewa kifaa cha sauti bure, nacho kinajua umefika wapi: ukisogea kinaendelea, ukisimama kinanyamaza kukusubiri. Mandhari ya usiku haikunivutia sana, taa za Berlin ni chache kuliko nilivyodhani. Nilichokipenda ni kuinama na kuona viti vya wabunge chini ya miguu ya wageni.

Jumapili maduka Ujerumani hufungwa. Nililijua hilo na bado nikaamka bila hata kipande cha mkate. Maduka ya stesheni kuu huwa wazi, lakini mji mzima nao unalijua hilo, na foleni ilinila dakika arobaini.

Pesa yangu ya kiingilio niliitumia Makumbusho ya Elimu Viumbe, na sijutii. Ukumbini amesimama dinosaria Giraffatitan, kimo chake mita 13.27, mfupa wa juu wa mguu wake wa mbele peke yake unazidi mita mbili. Alichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913. Mifupa ilibebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandarini Lindi. Msimamizi wa wachimbaji kule machimboni alikuwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 dinosaria mwingine wa Tendaguru alipewa jina kwa heshima yake, Australodocus bohetii. Nilisimama chini ya shingo ile mpaka kisogo kikaniuma. Mtoto aliyekuwa kando yangu alikuwa akilitamka neno Tendaguru kwa shida, silabi moja moja, nikamsaidia.

Nilipanda treni saa tisa alasiri. Mkaguzi alipita mara moja tu, kabla ya Wittenberg. Simu ilikuwa na chaji asilimia 94, na nilikuwa nimeishika mkononi tangu tulipoondoka.