Binti yangu hakuwa mzembe

Kwa miaka mitatu walimu waliniandikia kwamba binti yangu ni mzembe, nami, nakiri, niliwaamini, kwa sababu mtoto mwenye tatizo la upungufu wa umakini nilimdhania kuwa yule tu asiyetulia kitini. Daktari wa magonjwa ya akili alinieleza kuwa tatizo hilo lina sura tatu: kutozingatia, kuhangaika pamoja na kukurupuka, na mchanganyiko wa hizo mbili. Ile ya kwanza, ambayo ndiyo ya binti yangu, kwa kuwa haina kelele, mara nyingi hupita bila kutambuliwa, hasa kwa wasichana. Sasa anameza methilifenideti, dawa ya kusaidia umakini, baada ya kifungua kinywa, maana dawa hiyo hupunguza hamu ya kula, na kazi za shule tunazigawa katika vipande vya dakika 15. Madaftari bado anayasahau, lakini hesabu anazimaliza.