Nguzo, chaki na uwanja namba 6

Februari nzima nimeshinda nimepiga magoti nikibandua zulia. Duka lenyewe, ndani ya jengo la maduka, lilikuwa la nguo, kubwa kiasi kwamba shule yangu ya msingi kule Tanga ungeiingiza humo pamoja na uwanja wa gwaride, na nafasi ikabaki. Lilikuwa limefungwa miaka kadhaa. Tajiri mmoja kapangisha, anataka viwanja vya pickleball. Mimi naandika pikoboli, maana ndivyo ulimi wangu unavyotamka na mafundi wenzangu wameshazoea.

Duka hilo nalijua. Januari yangu ya kwanza hapa Connecticut, Marekani, binamu yangu alinileta humo humo kununua koti, kwa sababu nilishuka uwanja wa ndege na sweta la shule. Koti bado ninalo. Nilipoingia safari hii na nyundo na patasi nililitafuta lile pembe la makoti nikalipata kwa kufuata ngazi ya umeme, ambayo sasa imezungushiwa mbao.

Wengine mtauliza huo ni mchezo gani. Chukua mpira wa vinyoya (badminton), teremsha wavu, toa kinyoya weka mpira wa plastiki wenye matundu, toa raketi shika kibao kinachofanana na cha kusukumia chapati kilichotiwa mpini. Ndiyo hiyo. Ulianza 1965 kwenye kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington. Joel Pritchard na wenzake walikuwa na uwanja wa vinyoya nyumbani ila vifaa havikutimia, wakaokoteza walivyopata. Ndiyo maana vipimo ni vile vile: futi 20 kwa 44. Nilipooneshwa mchoro nilicheka. Mstatili huo niliufagia sana nikiwa mdogo, kwenye ukumbi ambao kaka yangu alikuwa mlinzi, ili turuhusiwe kucheza wenye ukumbi wakishaondoka.

Kwa nini ndani ya jengo la maduka? Kwa sababu yale maduka makubwa ya pembeni, yaliyokuwa yakivuta watu, yameondoka. Sears iliomba kinga ya kufilisika Oktoba 2018, JCPenney Mei 2020, Bed Bath & Beyond Aprili 2023. Likiondoka duka la namna hiyo linaacha pango ambalo muuza simu au muuza viatu hana ubavu nalo. Na pikoboli nje ina ugomvi wake: mpira ni mgumu, unalia ko, ko, ko kutwa nzima, majirani wanaitana mahakamani. Ndani ya jengo la maduka hakuna mtu aliyelala. Vyoo vipo, maegesho yapo, joto lipo, na huku Desemba hadi Machi nje hapachezeki. Hapo Stamford, lililokuwa duka la Saks Off 5th ndani ya jengo la maduka la Stamford Town Center lilishageuzwa viwanja 28 tangu 2023. Tajiri wetu sina shaka alikwenda kuchungulia.

Sasa, watu wanadhani kazi ni kupaka rangi tu. Sakafu ya duka la nguo haiko sawa. Njia za wateja zilikuwa za marumaru, kwenye nguo kulikuwa na zulia, na chini ya kila kitu gundi nyeusi ya miaka arobaini. Ukishabandua, unabaki na visiwa na mifereji, tofauti ya nusu inchi hapa, inchi nzima kule. Mguu wa mzee wa miaka 70 anayekimbilia mpira hauhitaji hata robo inchi kuvunjika. Tulisaga zege siku tisa. Vumbi lile linaingia hadi kwenye kitovu. Pale palipokuwa kaunta za manukato, mashine ilipogusa gundi, harufu ilifumuka kana kwamba mtu kapita saa hiyo hiyo. Tukasimama wote, watu wazima sita wenye barakoa, tunanusa.

Baada ya kusaga tukamwaga ule uji wa saruji unaojisawazisha wenyewe, tukasubiri ukauke, ndipo rangi.

Lakini mwenye nyumba halisi ni nguzo. Dari la vibao tulilishusha lote kupata kimo, angalau futi 18, maana mpira wa juu ukigonga bomba la maji ya kuzimia moto mchezo umekufa. Nguzo huwezi kuzishusha. Zetu zilipangwa kila futi 30, na hiyo ilikuwa bahati: uwanja una upana wa futi 20, ukiuweka katikati ya safu mbili unabakiwa na futi tano kila upande. Zingekuwa zimebanana zaidi, tungepoteza viwanja hivi hivi tunaviona. Tukazivisha sponji nene za bluu kuanzia sakafuni mpaka juu ya kichwa, zikawa kama wagonjwa waliofungwa bandeji.

Makosa yangu yalikuwa uwanja namba 6. Nilishika kamba ya chaki nikaanza kupima kutoka kwenye nguzo, nikasahau kwamba nguzo ile ilishavishwa sponji na nyingine bado. Nikapiga mistari minne, nikapendezwa nayo. Msimamizi wetu, mzee wa Kimeksiko asiyeongea sana, akaja na futikamba akapima kona kwa kona. Inatakiwa futi 48 na inchi 4 pande zote mbili. Upande mmoja ukatoa 48 na 4, wa pili 48 na 7. Hakunitukana. Aliniletea ndoo na tambara. Nikafuta, nikapiga upya, mpaka saa nne usiku, na jikoni nikaipiga mwisho. Jikoni ndiyo wanaita futi saba za kila upande wa wavu, ambamo huruhusiwi kupiga mpira kabla haujadunda. Kumweleza mke wangu kwamba nimechelewa kwa sababu nilikuwa nachora jikoni kulichukua muda.

Jumapili iliyopita tukaenda naye kucheza, dola 12 kila mmoja. Asubuhi ile ni wastaafu watupu, wamevaa soksi nyeupe, wanatushinda huku wanapiga soga. Nilimwonesha mahali pa koti. Akasema, "Baba watoto, hilo koti ulilipe heshima ya mwisho sasa, ulitupe." Tukapewa uwanja namba 6.

Nilivyofuta usiku ule nilikuwa nimechoka, na mstari wa kushoto karibu na nguzo ya bluu umepinda robo ya inchi. Hauonekani, labda ulale chini uufumbie jicho moja. Mechi yetu na mabibi wawili ilifika 10 kwa 9, wao mbele, na mchezo huu huishia 11. Mmoja akapiga, mpira ukaangukia hapo hapo, ukagusa rangi kwa unywele. Mke wangu akapaza sauti kwamba umetoka. Mabibi wakasema umeingia. Wote wakanigeukia mimi.

Nikasema umeingia.

Garini hakunisemesha mpaka tulipofika taa za pili.