Sakafu ya chipubodi na unyevu katika nyumba za kuhamishika

Nyumba nyingi za kuhamishika zilizojengwa Marekani katika miaka ya 1970 zina sakafu ya chipubodi, yaani chembe za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, ambayo ikilowa huvimba na hairudi katika hali yake ya awali hata ikikauka. Kwa hiyo, ili kuzuia unyevu, mimi huanzia katika nafasi iliyo wazi chini ya nyumba: hutandaza nailoni ya unene wa milimita 0.15 juu ya udongo wote ili mvuke wa ardhi usipande. Ninachokihofia zaidi ni uvujaji mdogo kwenye kitako cha choo, kwa kuwa huozesha sakafu muda mrefu kabla ya kuonekana. Palipokwisha kuvimba, kata hadi kwenye boriti, kisha weka plaiwudi ya unene uleule.