Siku mwalimu alipofuata mrabaha wake

Kipindi hicho nilikuwa kwenye kampuni ndogo ya vitabu pale Moshi, ghorofani jirani na soko la Mbuyuni, watu wanne tu ukimhesabu na bosi. Barua ya ajira inasema mhariri msaidizi, ila kuhariri kwenyewe ilikuwa usiku nyumbani, mchana nabeba maboksi kupeleka stendi na kufukuzana na wenye maduka watulipe, na siku hiyo ikaniangukia kumweleza mwandishi mrabaha wake, yani fungu lake la hela kwa kila nakala inayouzwa.

Mwandishi mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa Marangu, kitabu chake cha hadithi za watoto tulichapa nakala 1,000. Akaja asubuhi na koti la suti, kaongozana na mtoto wa dada yake. Shikamoo mwalimu, marahaba mwanangu, chai ikaletwa, bosi akakumbuka ana kikao benki (kikao gani, nilimsikia anavyoshuka ngazi mbio).

Mpwa akatoa simu akapiga hesabu, nakala 1,000 mara bei ya dukani 6,000 ni milioni sita. Aliitamka taratibu hiyo milioni sita mpaka nikatamani nimkubalie tu yaishe.

Nikaanza kueleza. Duka linakata asilimia 30, sisi tunabaki na 4,200, mrabaha ni asilimia 10 ya hiyo 4,200, yani 420 kwa nakala. Alafu maduka yanachukua kwa mali kauli, unaacha vitabu unaondoka, ukirudi baada ya miezi unaambiwa mwenye duka kasafiri, mara vingine vimeliwa na panya, mara njoo mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi wenyewe hawausemi ni upi. Shule ndo zingetuokoa lakini ithibati ya wizara ilikuwa haijatoka, na mwalimu mkuu anayeipenda kazi yake hatoi hela ya shule kwa kitabu kisicho na ithibati hata hadithi ziwe tamu vipi. Kwa iyo zilizolipwa mpaka siku hiyo ni nakala 180. Mpwa akabonyeza, 75,600. Akafuta, akabonyeza tena.

Mwalimu kimya, anafunua kitabu chake kwa nyuma. "Na hizi kurasa nne tupu mmeniwekea za nini?" Nikamwambia karatasi moja ikikunjwa inatoa kurasa 16, hadithi zake ziliishia ya 76, lazima tufike 80. Akasema basi watoto watachorea hapo. Nikajua hajakasirika, au kakasirika kistaarabu.

Akasema hela bakini nayo, nipeni vitabu kwa bei mnayowapa hao wenye maduka. Vikawa 18, mpwa akavitia kwenye kiroba wakaondoka.

Wanaosali Kilutheri huku kwetu mnaujua mnada wa baada ya ibada, ndizi, mayai, kuku kafungwa miguu. Mwalimu akatoa kitabu kimoja sadaka, mnadishaji akasoma hadithi ya kwanza kwa sauti akaikatia pale inaponoga, watu wakapandishiana hadi 40,000 na waliokikosa wakamfuata mwenyewe pembeni. Jumatatu akanisimulia yote hayo kwenye simu, anataka boksi zima na analipa taslimu, ila kama mwenye mali kauli anakatiwa asilimia 30, yeye wa taslimu anakatiwa ngapi? Bosi alikuwepo ofisini safari hii, nikampa simu ajibu mwenyewe.